Kioo Nyuma ya Rafu ya Sabiha

Siku Stara alipoingia kwa mara ya kwanza kwenye karakana ya Faustini, pale Kikuyu, Dodoma, alitaka kitu ambacho fundi hakuwahi kukitengeneza, na alitaka kukipata kwa baiskeli isiyo na matairi.

"Nataka rafu isiyo na miguu," alisema, akiwa bado amesimama juani nje ya mabati. "Isiwe na miguu, isiwe na vyuma vya pembe chini yake, isining'inie kwa kamba. Mtu akiingia ndani aone ubao umetoka ukutani wenyewe."

Faustini hakuacha kupiga randa. "Na itashikwa na nini, mama? Dua?"

"Wewe ndiye fundi. Ingekuwa ya dua ningekwenda kwa shehe."

Faustini alikuwa mtu wa Kwa Mtoro, upande wa Kondoa, mmoja wa wale ambao lugha yao ya nyumbani ina sauti za kualisha ulimi kama kijiti kinachovunjika. Mjini aliingia na msumeno mmoja. Kila alichokuwa nacho baadaye, karakana, mbao, nyumba ya vyumba viwili, alikipata kwa kujua wakati gani wa kunyamaza katikati ya mapatano. Akanyamaza. Akaitazama baiskeli: fremu nzima, usukani mzima, mnyororo una kutu kidogo.

"Ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu. Haendi nayo popote tena."

Fundi alisubiri machozi, maana mjane akianza kulia bei huwa inashuka yenyewe na anayeshusha anajiona amefanya jema. Machozi hayakuja. Mwanamke alikuwa anatazama mbao zilizoegeshwa ukutani, anachagua. Alikwenda moja kwa moja kwenye mninga.

"Ule wa mkaratusi ni rahisi zaidi," Faustini alimwambia.

"Ndiyo maana umeuweka mbele."

Wakavutana mpaka kivuli cha mabati kikahama. Fundi alikuwa tayari amepata jibu kichwani: vipande vya nondo vizamishwe ndani ya ukuta, ubao utobolewe matundu kwa nyuma, uchomekwe juu ya nondo kama kisu kwenye ala. Ila hakusema, alijifanya jambo ni gumu. Mwishowe Stara akaongeza lake.

"Kila mwanamke atakayeiona atataka yake. Nitawaleta kwako wewe tu. Na wewe hutamtundikia mtu rafu ya namna hii bila mimi kuipanga. Mbao zako, mpangilio wangu."

Faustini aliyaona hayo kuwa maneno ya mtu asiye na kitu. Akakubali kwa kuwa hayakumgharimu lolote. Baadaye alikuwa akisema kwamba hajawahi kuingia biashara nzuri kama ile aliyoingia kwa kudharau.

Chumba cha Stara kilikuwa cha kupanga, kuta za tofali za kuchoma, kwa hiyo nondo zilishika vizuri. Alipomaliza kuchomeka ubao, Faustini alikaa kwenye ndoo kuona huyu mama ana nini cha kuweka. Hakuwa na kitu cha maana. Stara aliutandikia ubao kitambaa cha kufuma, akaiacha ncha moja ining'inie mbele. Kushoto akaweka bilauri mbili ndefu. Kulia akaweka kibuyu kidogo, shingo nyembamba, alichokipaka mafuta ya nyonyo mpaka kikang'aa kama goti la mtoto aliyeogeshwa. Katikati hakuweka kitu.

Na bado, ukiingia mle huoni godoro wala jiko la mkaa. Unaona rafu. Wanawake wa mjini siku zile, hata kidogo walichokuwa nacho walikisonga kabatini mpaka mlango haufungi. Huyu alikuwa anajua kuacha nafasi.

"Katikati umesahau," Faustini alisema.

"Sijasahau. Hapo pana wenyewe."

Ndipo akamweleza, huku anafuta vumbi la tofali sakafuni. Mama yake, huko Kondoa, alimpa siku ya harusi seti ya chai: vikombe, visosi, birika, bakuli la sukari, vyote vya maua ya waridi na ukingo wa dhahabu. Ilinunuliwa kabla ya miaka ya foleni na uhaba, ikafichwa miaka yote ambayo hata kikombe cha bati kilikuwa cha kuomba. Mume wake, Harithi, alipofariki, dada yake Harithi, Sabiha, alishika funguo za nyumba. Eda ilipokwisha Stara akadai vyombo vyake. Likaitwa baraza la ukoo, mbele ya Mzee Jamaldini, mjomba wao.

"Mzee akaniuliza, vina alama? Nikasema vina nukta tatu za kijani kwa chini, mama aliziweka kwa rangi ya mlango. Akamwambia Sabiha, vilete tuone. Sabiha akasema vilivunjika vyote kwenye msiba, watu walikuwa wengi, vigae amevitupa shimoni. Akaapa. Baraza la watu wazima limekaa, yeye anaapa. Mzee angefanya nini?"

"Labda vilivunjika kweli."

"Fundi, mimi nilikuwa edani, chumba cha pili. Nilimsikia anavifunga kwenye kanga kimoja kimoja na kuvitia sandukuni. Kikombe kikiguswa na kikombe mimi nakijua kwa sauti."

Faustini alikuwa mtu wa hesabu, akamuuliza la hesabu. "Sasa unataka nini? Vyombo, au yeye?"

"Vyote. Lakini vyombo kwanza. Bila vyombo, yeye simpati."

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa bilauri, chupa za chai, sahani za maua, vinyago vya kauri, maua ya plastiki ya kila rangi. Mwanamke aliyekuwa na sufuria mbili sasa ana kumi, na kitu kipya hakifichwi uvunguni. Walikuja kuona rafu ya Stara, wakaita "rafu ya hewani", wakataka. Stara aliwaleta kwa Faustini kama alivyosema, na hakumpelekea mteja mmoja kwa fundi mwingine.

Faustini alimwona akifanya kazi katika nyumba nyingi. Kwanza humwambia mwenye nyumba aondoe kila kitu, mpaka mbao zibaki tupu, na hapo wengi hununa. Kisha hukaa kwenye kila kiti, kimoja baada ya kingine, kutazama mtu wa kiti kile ataona nini. Hufikiria dirisha, maana upepo wa Dodoma huleta vumbi jekundu na chombo cha karibu na dirisha lazima kiwe cha kufutika kwa mkono mmoja. Kirefu pembeni, kifupi karibu na kirefu, kisha nafasi. Akiulizwa mbona nusu ya vyombo vimebaki sakafuni, hujibu, "Hivyo ni vya wiki ijayo. Wageni wako wakirudi waone vingine." Na kwa vile kurudi kuvibadilisha ni kazi nyingine, hulipwa tena. Faustini alimvulia kofia kwa hilo.

Lakini kila alipomaliza rafu ya mtu alikuwa na tabia moja: huinua visosi vya nyumba ile, kimoja kimoja, na kutazama chini. Mjini pale hakuna asiye na alama. Vyombo vikienda kwenye shughuli ya jirani, kila mwanamke hutia tone la rangi chini yake, ya kucha au ya mafuta, ili siku ya kurudisha pasitokee ugomvi. Stara alikuwa anazijua alama za Kikuyu nzima.

Siku moja Sabiha mwenyewe akatokea karakanani, amejitanda kanga mpya juu ya gauni la Dubai, anaruka maranda kama anaruka matope.

"Hodi fundi. Nasikia wifi yangu siku hizi ndiye anayepamba nyumba za watu."

"Karibu, wifi," Stara alisema. Alikuwa amekaa kwenye gogo, anasugua ubao kwa msasa, na mkono haukusimama.

"Haya. Hata mjane amepata kazi. Ruksa hii ina mambo." Sabiha akacheka peke yake. "Binti yangu anachumbiwa. Wanakuja kina mama wa upande wa mume, kutoka Kongwa, wenye ng'ombe zao. Nataka rafu tatu sebuleni, wakiingia wakose pa kuangalia. Na nataka unipambie wewe, wifi yangu mwenyewe. Pitia mlango wa uani, unaujua."

"Naujua. Kuna sharti moja tu. Nikishapanga hakuna anayegusa mpaka wageni waondoke. Hata wewe."

"Nani aguse? Mimi niguse vumbi lako?"

Akataja malipo, na Stara akayakubali bila kuvuta. Faustini alikaribia kujikata kidole. Sabiha alipoondoka alimgeukia. "Unaumwa? Yule mtu angepanda mara mbili."

"Mteja anayeringa kwamba amekupunja hakuchungi," Stara alisema.

Wakaenda siku moja kabla ya wageni. Faustini akaanza kutoboa ukuta kwa keekee, Sabiha akatoa vyombo. Nusu yake alikuwa ameazima mtaani, ingawa alisema vyote ni vyake. Mwisho akaleta furushi la kanga kuukuu, akalifungua juu ya meza. Waridi, ukingo wa dhahabu.

"Hii nimenunua Dar es Salaam juzi juzi," alisema, akimtazama Stara usoni. "Siku hizi zimejaa, kila duka. Ikae katikati." Akatoka kwenda kufokea watu jikoni.

Stara akageuza kisosi. Chini kulikuwa na doa kubwa la rangi nyekundu ya kucha. Akalikwangua kwa ukucha wake, na chini ya nyekundu ikatoka kijani.

Faustini aliacha keekee ikiwa imenasa ukutani. "Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Ita watu basi!"

"Nimwite nani? Shoga zake waliopo jikoni? Atasema rangi ya kijani ni ya kila mtu. Ataapa tena, na kuapa anakujua. Kisha vitarudi sandukuni, na safari hii vitavunjwa kweli." Alikiweka kisosi chini polepole. Macho yake yakapanda ukutani, pale mbao zitakapokaa, yakabaki hapo. "Kile kioo kikubwa alichoagiza kinyozi, hakuja kukichukua?"

"Hajaja. Kina nini?"

"Kikae nyuma ya rafu ya kati."

Faustini alikuwa na akili za kutosha kuelewa nusu ya jambo, na za kutosha pia kujua kwamba nusu nyingine itamgusa. Sabiha ana ndugu wengi mjini. "Na mimi napata nini?"

"Unataka nini?"

"Mninga utakaobaki kwenye kazi hii, tusiugawane. Wote. Na kazi za mabaa na saluni ukizipata, tunagawana sawa, si kama sasa."

"Chukua mninga. Za saluni utapata theluthi."

"Sawa kwa sawa, au kioo kinabaki karakanani."

Stara akanyoosha mkono. "Haya, sawa kwa sawa. Na unipe ile chupa yako ya kuyeyushia rangi."

Akachovya tambara, akapitisha haraka chini ya kila kisosi na kila kikombe. Nyekundu ilitoka kama uongo wa jana. Kijani, iliyokauka miaka mingi, ilibaki.

Sabiha aliporudi na kukuta kioo kilicholetwa kutoka karakanani kimeegeshwa, alikunja uso. "Hicho cha nini? Hapa si kwa kinyozi."

"Wifi, vikombe sita vitaonekana kumi na viwili. Kule Uzunguni ndio mtindo."

Uso ukakunjuka. Kioo kikatundikwa, rafu ikachomekwa mbele yake, na Stara akapanga. Visosi na sahani alivisimamisha, uso kwa wageni, lakini hakuviegemeza kwenye kioo kama mtu mwingine angefanya. Kila kimoja alikitegemeza kwa kibao kidogo na kukisogeza mbele upana wa kiganja. Kisha akabeba kiti cha mkono, kile cha mkubwa wa nyumba, akakiweka pembeni karibu na dirisha, akakikalia. Akainuka, akasogeza sahani moja upana wa unywele tu. Akakaa tena.

Sabiha alisimama katikati ya sebule, akatazama kioo, akajiona yeye. Akarekebisha kanga begani. "Kumbe una akili, wifi," alisema. Ukiwa umesimama pale katikati, kila chombo kinaficha mgongo wake.

Siku ya wageni Faustini alikuja kuchukua vifaa vyake aondoke, Sabiha akamzuia. "Wewe fundi wa kualisha ulimi, huondoki. Ubao hauna miguu. Ukimwangukia mjomba wangu kichwani nitakutafuta wapi? Utakaa hapo mlangoni." Na Stara akapelekwa uani kuchambua mchele.

Wakaja. Mkubwa wao alikuwa Bi Rukaya, shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye sauti ya mnadani, ambako kwa kweli ndiko alikopatia mali, kwa kununua na kuuza ng'ombe. Mzee Jamaldini akaongozwa kwenye kiti cha mkono, akavaa miwani. Shikamoo zikazunguka. Sabiha hakusubiri hata soda zifunguliwe.

"Karibuni, nyumba ni ndogo. Hivi vyombo vinavyowashangaza nimenunua mwenyewe vyote, Dar es Salaam, vipya. Mimi kuazima siwezi. Nina aibu na vya watu."

Bi Rukaya alikuwa amekaa jirani ya mzee. Akainama mbele, akatazama kioo, migongo ya sahani humo, akacheka kwa tumbo zima.

"Mkwe wangu, Dar es Salaam siku hizi wanauza na alama? Naona tone la bluu, naona jeupe, naona msalaba mwekundu. Rafu ina makabila mengi kuliko gulio la Kibaigwa!"

Wanawake wa Kongwa wakashikana mabega. Hakuna aliyeona vibaya kuazima, kila mmoja wao ameazima. Kilichowachekesha ni ile aibu na vya watu. Na nyuma yao jirani wawili wa Sabiha, waliokuwa wakipanga sahani za biriani, waliyasikia yote, na vyombo vyao viko pale.

Sabiha alifungua mdomo, lakini Mzee Jamaldini alikuwa ameshainuka. Alikwenda kwa fimbo mpaka kwenye rafu ya kati. Faustini akasogea, akidhani ubao. Mzee alinyoosha mkono akachukua kisosi cha waridi, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Sabiha. Hizi ni nukta ngapi?"

"Mjomba, vinafanana tu. Madukani vimejaa."

"Nimekuuliza nukta."

Sabiha akavuta kanga usoni.

"Uliniapia kwamba vilikuwa vigae. Mimi nikamwambia mtoto wa watu aondoke na godoro." Hakupaza sauti, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu hata kutafuna. "Stara yuko wapi?"

"Yuko uani," Faustini alijibu, akaenda kumwita.

Stara akaja na pumba za mchele mikononi. Hakutazama rafu.

"Vyako?" mzee aliuliza.

"Ulishaniuliza, mzee wangu. Jibu langu ni lile lile."

"Vichukue."

Aliviteremsha kimoja kimoja, mbele ya wakwe, kwa utaratibu ule ule aliokuwa nao anapopanga. Angeweza kuvizoa mara moja. Hakufanya haraka hata kidogo. Kila kisosi kilipoondoka, kioo kilifunguka mahali pake, na Sabiha akajiona kipande: jicho, kisha shavu, kisha mdomo, mpaka akawa mzima humo ndani na hana pa kutazama. Alipofika mwisho, Stara alimgeukia.

"Wifi, kanga uliyofungia ni yako. Nimekuachia mezani."

Posa haikuvunjika. Bi Rukaya alimtaka msichana, na msichana hakuwa na kosa. Lakini kabla ya harusi Mzee Jamaldini alichukua kwa Sabiha ufunguo wa stoo ya ukoo, ile yenye masufuria makubwa na majamvi ya misiba na harusi, ambayo ilimpa kauli katika kila shughuli ya familia kwa miaka. Ukaenda kwa mwingine. Mtaani, akiomba sinia, anaambiwa limeazimwa. Walimwambia hivyo huku sinia linaonekana.

Stara naye alilipia jambo hilo. Wanawake wa Kikuyu walimpongeza barabarani na kumfungia milango. Ni nani anamruhusu ndani mtu anayeweza kufanya hivyo kwa rafu? Wateja wa majumbani walikwisha karibu wote. Faustini alipoteza kazi za ndugu wa Sabiha, akabaki na mninga, akahesabu, akaona hajaumia sana.

Basi Bi Rukaya akaja karakanani, akaiona ile seti juu ya benchi.

"Niuzie."

"Siuzi."

"Kila kitu kinauzwa, mwanangu, mimi nimeuza hadi fahali wa mahari yangu."

Stara alifikiria. Faustini alimwona akifikiria, akajua kwamba hafikirii mama yake. "Msichana wa Sabiha atakaa kwako?"

"Nyumbani kwangu, Kongwa. Upande wa nyuma."

"Na mama yake atakuja kumtembelea?"

"Asije kuona mjukuu?"

"Una vyumba vya duka kule Mkonze, barabarani. Nipe kimoja, nikae bila kodi mpaka mvua mbili zipite. Seti chukua. Ila isikae rafuni. Itumike. Mgeni mkubwa akija anyweshwe chai humo."

Bi Rukaya alimtazama, kisha akacheka kicheko chake cha mnadani mpaka maranda yakaruka. Wakapeana mikono.

Chumba cha Mkonze kikawa duka la vioo na rafu za saluni, za mabaa, za nyumba za wageni, mahali ambapo hakuna anayeficha alama. Faustini alihamishia benchi lake upande wa nyuma, sawa kwa sawa. Mtoto alipozaliwa Kongwa, Bi Rukaya alipita kuagiza kioo cha mkwewe, na Stara, penseli mdomoni, akauliza kama mgeni alifika.

"Alifika. Nikamwekea chai mwenyewe."

"Akanywa?"

"Angefanyaje, mbele ya mkwe? Alikishika kikombe cha waridi kama kinamuunguza. Akanywa."

"Chote?"

"Nikamwongezea."

Stara akatoa penseli mdomoni, akaweka rula juu ya kioo. "Upana ulisema ngapi?"